Ardhi Inayotembelewa na Ziwa Iachiwe Nyasi

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia mita 777 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu mvua kubwa za miaka ya 1960. Upande wa Kongo, kuanzia Uvira hadi Kalemie, na mji wa Baraka katikati yake, maji yaliingia majumbani, yakafunika njia za ufukweni, vyoo na sehemu za wazi ambako vijana walizoea kukutana. Tangu hapo, kila kiangazi ziwa linaporudi nyuma kidogo, mwenye parseli huonekana na kifusi chake, akajaza palipokuwa na maji, akapandisha ukuta wa matofali, akamwachia Mungu yaliyobaki. Naona ardhi hiyo haifai kurudishiwa nyumba. Yote iliyo chini ya mstari ambao ziwa lenyewe limeuchora iachwe kuwa ardhi ya nyasi: viwanja vya mpira, malisho, uwanda wa kuanikia ndagala, mahali pa mikutano na minada. Sisemi hivyo kwa ajili ya mandhari. Nyasi zikiharibiwa na maji hutengenezeka kwa jembe, mchanga na subira, na mji usio na fedha unaimudu kazi hiyo. Nyumba iliyokaa ndani ya maji miezi sita haitengenezeki hivyo. Bustani za mboga nazo zingefaa kwenye ukanda huo, ila bustani huwa na mwenyewe, na mwenyewe huanza na kibanda cha kuwekea majembe; baada ya miaka mitatu kibanda kina vyumba viwili na mabati mapya.

Ushahidi wa kwanza unatoka mahali ambapo msomaji wa teritwari yetu ya Fizi hapatarajii: viwanja vya gofu vya Kanada, kaskazini mwa Marekani na Skandinavia. Gofu ni mchezo wa matajiri, na hapa hatuna haja nao. Lakini hakuna watu duniani walioyachunguza mauti ya nyasi kwa makini kama watunzaji wa viwanja hivyo, kwa sababu ajira yao inategemea sehemu ndogo inayozunguka kila shimo, ambako nyasi hukatwa fupi kiasi cha milimita tatu au nne na mpira hutakiwa kuteleza bila kugonga kitu. Majira ya baridi sehemu hizo hufunikwa na barafu. Theluji ikiyeyuka na kuganda tena, au mvua ikinyesha juu ya ardhi iliyoganda, hutokea bamba gumu lisilopitisha hewa, na linaweza kukaa wiki nyingi. Majira ya baridi ya 2013–2014 yaliacha maangamizi ya namna hiyo katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika, Toronto na Michigan zikiwamo, na vilabu vingi vilifungua msimu vikiwa na udongo mtupu mahali pa nyasi.

Ni rahisi kudhani kwamba baridi ndiyo iliyoua. Nyasi za kule zimezoea baridi tangu enzi. Zikifunikwa na theluji laini inayopitisha hewa hulala salama hadi majira ya kuchipua. Chini ya bamba la barafu hufa kwa kukosa pumzi. Mizizi na vijidudu vya udongoni vinaendelea kutumia oksijeni hata kwenye baridi, polepole, na kwa kuwa hakuna hewa mpya inayoingia, akiba huisha. Kinachofuata ni kabonidioksidi na asidi za uozo kujikusanya mahali pamoja, na barafu ikivunjwa harufu inayotoka inatosha kumwambia mtunzaji kilichotokea huko chini. Nyasi iitwayo Poa annua huanza kufa baada ya miezi miwili hivi ya kifungo hicho. Nyingine, Agrostis stolonifera, huvumilia hadi miezi minne. Kuna pia kifo cha pili, ambacho hutokea mwishoni mwa baridi: jua la mchana huyeyusha maji, sehemu ya chini ya shina inayotoa majani mapya huyanywa, usiku baridi hurudi ghafla na maji yale hugandia ndani na kupasua chembe za mmea. Katika vifo vyote viwili chanzo ni kimoja, nacho ni maji yaliyokosa pa kwenda. Ndiyo maana sehemu zinazokufa mwaka huu ndizo zilizokufa miaka iliyopita: vibonde, miguu ya miteremko, mahali ambapo mtaro umeziba.

Watunzaji hawa hutengeneza vipi? Kwanza hawakimbilii kupanda. Kabla barafu haijaisha hukata vipande vya nyasi pamoja na udongo wake, huvileta ndani penye joto, huvimwagilia na kuvitazama wiki mbili au tatu. Kinachochipua kinaonyesha sehemu zitakazojirudia zenyewe; kisichochipua kinaonyesha pa kufanyia kazi. Kisha hutoboa udongo ili hewa iingie na uozo utoke, huingiza mchanga katika matundu, hupanda mbegu au hupachika vipande vya nyasi kutoka kitalu walichokitunza kwa ajili ya siku kama hiyo, na hufungia wachezaji nje. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu wenye ada zao wanataka kucheza. Hivyo hukatwa sehemu za muda pembeni, zisizopendeza, wachezee huko mpaka nyasi changa zishike. Baadaye, watu wakishasahau, huja kazi yenyewe hasa: kusawazisha mteremko, kuzibua mitaro, kukata mti unaozuia jua la asubuhi. Klabu inayoishia kwenye mbegu hurudia gharama hiyo hiyo baridi ijayo.

Baraka haina barafu, lakini kifo cha nyasi chini ya maji ya ziwa ni kile kile. Mizizi iliyozamishwa hukosa hewa kama iliyofunikwa na bamba, na hapa mambo huenda mbio zaidi, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na vijidudu vya udongoni katika joto letu havilali. Kuna pia jambo ambalo watunzaji wa Toronto hawalijui sana: tope. Ziwa na mito inayoliingilia huacha tabaka la udongo laini juu ya uso wa zamani. Likikauka hupasuka vipande na kukunja kingo zake, na mtu hudhani kwamba ardhi imepona. Ukichimba kwa kisu sentimita kumi unakuta tabaka hilo limekaa kama kifuniko, chini yake udongo mweusi au wa kijivu bado umelowa na unanuka yai bovu. Ukipanda nyasi juu ya kifuniko hicho, mizizi hushuka mpaka mpakani kisha hutambaa pembeni, na mvua ya kwanza ya Oktoba huigeuza sehemu yote kuwa bwawa. Kwa hiyo tope lililo jembamba lipaliliwe na kuondolewa. Lililo nene litobolewe kwa mtaimbo hadi kufikia udongo wa zamani, na matundu yajazwe mchanga. Mchanga si kitu cha kuagiza kutoka Bujumbura.

Nyasi yenyewe tunayo pia. Ukoka unaoota kando ya njia za Baraka, unaotambaa juu ya ardhi kwa vikonyo na chini yake kwa mashina meupe, ni wa jamii ile ile iliyotanda viwanja vingi vya michezo katika nchi za joto. Katika miaka ya 1950 mtafiti Glenn Burton, huko Tifton katika jimbo la Georgia, alichanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake wa Afrika Kusini, akapata aina ambazo baadaye zilienea katika viwanja vya gofu vya kusini mwa Marekani, Tifgreen ya mwaka 1956 ikiwamo. Nalitaja hilo kwa wale wanaoamini kwamba nyasi nzuri lazima itoke ng'ambo na ije na ankara. Ukoka huvumilia kuzamishwa wiki kadhaa, kwa sababu mashina yake ya chini hubeba akiba. Jani likioza, shina linaweza kubaki hai. Na kipimo chake ni kile kile cha watu wa barafu, ila sisi hatuhitaji chumba chenye joto. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kioshe tope, kivunje shina la chini. Likiwa jeupe na gumu, lina uhai. Likiwa la hudhurungi na likibonyea likatoa maji, limekwisha. Ukiwa na shaka, kiweke kipande hicho ndani ya kopo lililotobolewa kitako, kimwagilie, na ungoje siku kumi na nne.

Mahali ambapo maji yalikaa miezi mingi mfululizo, tusijidanganye: hakuna kilichobaki hai, na lazima kupanda upya. Hata hapo kazi ni ya mkono. Vikonyo vya ukoka hukatwa vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, hulazwa katika mifereji midogo iliyoachana kama futi moja, hufukiwa nusu, hukanyagwa na kumwagiliwa kila siku mpaka vishike. Kwa joto la ufukweni, katika miezi miwili hadi mitatu uso unaweza kujifunika, kwa sharti kwamba hapachezwi mpira na mbuzi hawapiti. Onyo moja: mtu asishawishike kuteremsha huku ufukweni nyasi nene ya nyanda za juu, ile ambayo Wazungu waliipa jina la Wakikuyu na ambayo imeota pia katika milima yetu ya mashariki mwa Kongo. Ile ni ya baridi ya juu, na mahali pengi ilipopelekwa nje ya kwao imegeuka gugu.

Sasa kuhusu mstari. Wapo wanaosema yaliyotokea 2024 ni ajabu ya mara moja, kwa hiyo hakuna haja ya kupanga mji mzima kwa ajili yake. Historia ya ziwa hili inawapinga. Mto Lukuga, unaotokea Kalemie, ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani, na sehemu kubwa mno ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke, si kwa mto. Ziwa la namna hiyo hufuata mvua: miaka michache ya mvua nyingi hulipandisha, na kulishusha huchukua muda mrefu. Katika karne ya 19 Lukuga ilipozibwa na matope na matete, ziwa lilipanda kupita kiasi tulichokiona sisi, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1870 lilipobomoa kizuizi na kushuka mita nyingi ndani ya muda mfupi. Anayetaka ushahidi wa macho aende ng'ambo, Ujiji, ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871: kumbukumbu ya mkutano ule leo iko mbali na maji. Kisha likaja pando la miaka ya 1960, na wazee wa Mboko, Nundu na Ubwari walilishuhudia. Halafu kushuka kwa muda mrefu, watu wakajenga palipokauka. Halafu 2020, 2021, 2024. Mita 777 si ajabu. Ni kimo ambacho ziwa limekifikia au kukikaribia mara mbili ndani ya umri wa mtu mmoja.

Majirani zetu wa Tanzania wameweka kanuni: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini kwa Baraka kanuni ya umbali haitoshi, na watu wa gofu wangeeleza sababu mara moja: maji hayapimi umbali, yanapima kimo. Upande wa Ubwari, ambako mlima unaingia ziwani wima, mita 60 kutoka majini zinakuweka juu kabisa, salama kuliko inavyohitajika, na mwenye nyumba ananyimwa ardhi yake bure. Katika tambarare ya Baraka, mita 60 hizo hizo zinaweza kuwa ndani ya maji mwaka wa mvua. Kinachotakiwa ni mstari wa kimo, unaopinda na ardhi, uliowekewa nguzo za saruji zinazoonekana. Hata kuutafuta hakuhitaji mitambo mingi, maana maji yameacha alama kwenye kuta za nyumba zilizosimama mwaka 2024, na kila familia inajua yaliishia wapi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: watu wanalala nje, wewe unagawa ardhi kwa nyasi? Ni swali la haki. Baada ya vita kufika Bukavu Februari 2025, na kwa miaka mingi ya mapigano milimani kabla ya hapo, Fizi imepokea waliokimbia wengi kuliko inavyoweza kuwahifadhi, na aliyefukuzwa kwake hachagui pa kutandika mkeka. Lakini nyumba ya ukingoni si msaada kwake. Choo cha shimo kilichochimbwa mita chache juu ya maji, ziwa likipanda, humwaga kilichomo katika maji yale yale ambayo mama wa jirani anachota, na kipindupindu katika mwambao wa Uvira, Fizi na Kalemie hakijawahi kuwa mgeni. Anayemruhusu mkimbizi ajenge chini ya mstari anamhamisha kutoka hatari moja kwenda nyingine, tena bila kumwambia. Na si kweli kwamba ardhi nyingine haipo. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka kwa wingi, ilipatikana ardhi Lusenda, humu humu Fizi. Baadaye ikapatikana nyingine Mulongwe. Ilipimwa, ikagawanywa, ikawekewa njia na visima. Serikali na mashirika yakitaka, ardhi huonekana. Kinachokosekana ni kutaka kwa ajili ya mwenye nchi kama ilivyotakiwa kwa ajili ya mgeni.

Vilevile ardhi ya nyasi si ardhi iliyolala. Katika miji yetu uwanja wa mpira ndio mahali pa chanjo, pa kugawia chakula cha msaada, pa ibada kubwa, pa kutangazia habari ya msiba wa mtu mkubwa, na siku mbaya ndipo helikopta hutua. Wakati wa uvuvi ukanda wa ufukweni ndio jiko la kuanikia la mji mzima. Ndagala iliyoanikwa juu ya nyasi safi au juu ya chanja zilizosimikwa penye nyasi haichanganyiki na mchanga kama ile ya kumwagwa chini, na kila mchuuzi anajua ndagala yenye mchanga inauzwa kwa bei gani. Pembeni kabisa, pale mawimbi yanapogonga, matete yaachwe yasifyekwe: yanavunja nguvu ya wimbi, na samaki wadogo wana kwao humo.

Pingamizi la pili linahusu waliokwisha kununua. Wana karatasi, wengine wametoa akiba ya miaka kumi. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, isiyouzika wala kuhamishika, na mtu hupewa haki ya kuitumia tu. Lakini sioni heshima katika kumtupia mjane kifungu cha sheria baada ya ofisi kupiga muhuri kwenye karatasi yake. Apewe parseli mbadala juu ya mstari. Litagharimu, na hapa ndipo pendekezo langu linapouma kweli kweli, sifichi. Upande wa pili wa mizani kuna gharama ambayo hakuna anayeijumlisha kwa kuwa inalipwa na kila familia peke yake gizani: malori ya kifusi, saruji, mabati, godoro, dawa ya mtoto, kodi ya chumba cha muda, na kuanza tena. Ambaye bado hajajenga aambiwe leo. Kumhamisha mwenye kiwanja kitupu ni rahisi mno kuliko kumhamisha mwenye paa.

Wengine, hasa vijana wenye kupenda mpira, watasema: kama ni viwanja, basi viwe vya nyasi bandia, kama vile tunavyoviona kwenye runinga. Hapana. Zulia lile hukaa juu ya tabaka za kokoto zilizopangwa, likijazwa chembe za mpira au mchanga. Ziwa likipanda mara moja na kuacha tope, chembe zile huziba, gundi huachia, kokoto huhama, na hakuna jembe litakalolirudisha. Nyasi hai ikifa unapanda vikonyo. Zulia likifa unaandika barua kwa mfadhili na kungoja. Zulia liwekwe juu ya mstari, fedha zikipatikana, na nitashangilia.

Kuna wanaosema kazi hii ni bure, maana ziwa litarudi na kuua kila tulichopanda. Litarudi, naam. Hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe. Kinachofaa kuwekwa pale ni kile ambacho kikizama hasara yake ni msimu mmoja wa kazi. Watunzaji wa gofu wanajua kwamba barafu itakuja tena, na hawajaacha kupanda. Wanachokifanya ni kuwa na kitalu tayari. Baraka nayo iwe na vitalu vya ukoka juu ya mstari, hata nusu hekta katika kila kartie, shuleni au parokiani, ili maji yakishuka vikonyo viwepo na tusianze kuvitafuta kandokando ya barabara.

Mipaka ya hoja hii lazima isemwe. Nazungumzia maji ya ziwa, yanayopanda kwa miezi na kumpa mtu nafasi ya kutoa mali yake. Mafuriko ya mito ni kitu kingine. Usiku wa kuamkia 9 Mei 2025 maji na mawe yalishuka juu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, na watu kwa makumi walikufa wakiwa usingizini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe na mito mingine ilifanya vivyo hivyo Uvira. Hakuna ukoka unaozuia jambo la namna hiyo. Kule dawa iko juu, kwenye misitu ya miteremko na kwenye mabonde ambako watu hawakupaswa kulala, na mji wa Fizi wenyewe, uliokaa juu milimani, una wajibu mkubwa kuliko Baraka. Lakini mambo hayo mawili yanagusana sehemu moja: tope linalofunika tambarare za Baraka lilianza safari huko juu, kwenye mashamba yaliyolimwa bila matuta. Ukitengeneza uwanja wa chini na kuacha mlima ukiporomoka, umefanya kama ile klabu inayomwaga mbegu kila mwaka na haizibui mtaro.

Imebaki habari ya mikono na majira. Nchi nne zinazozunguka ziwa zilikwisha kukubaliana kusitisha uvuvi miezi mitatu kwa mwaka, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Ni miezi ambayo wavuvi na wachuuzi hukaa bila kipato, na kilio chao kimesikika kila pwani. Ni miezi hiyo hiyo ziwa linaanza kushuka baada ya kilele chake cha Aprili na Mei, ardhi ya ukingoni ikiwa bado na unyevu wa kushika vikonyo, na maji ya kumwagilia yakiwa hatua chache tu. Mashirika yanayolipa watu kwa kazi za mikono huko Fizi, hasa kutengeneza barabara, yangeweza kuwalipa wavuvi wapande ukoka na wachimbe mitaro katika kipindi hicho, na shida mbili zikapungua kwa fedha ile ile. Salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, ibaki kwa usafi wa kawaida. Kazi ya wiki kumi haifanywi kwa salongo, na tumeshaona mara nyingi inavyoishia: siku ya kwanza viongozi na kamera, siku ya nne mzee mmoja na fyekeo.

Kwa meya wa Baraka, kwa msimamizi wa teritwari ya Fizi na wakuu wa sekta za Tanganyika, Mutambala na Ngandja, ombi langu ni la nguzo kwanza. Chukueni mpimaji mmoja, wazee wawili wa kila kartie ya ufukweni na ndoo ya chokaa, mfuate alama ambazo maji yaliacha kwenye kuta mwaka 2024 kabla wenye nyumba hawajapaka rangi, na msimike nguzo hapo. Kisha iagizeni ofisi ya ardhi isipige muhuri kwenye karatasi yoyote ya ujenzi chini ya nguzo hizo. Kifusi kinaendelea kumwagwa, na kila ukuta unaopanda unaifanya kazi hii kuwa ghali zaidi.